Geti la umeme kwa simu: dalili, visababishi na namna ya kurekebisha

Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazina gereji yenye mlango. Gari linalala uani, na kinachofunguliwa ni geti la chuma linaloteleza juu ya reli, likivutwa na mota iliyofungwa kando ya nguzo. Ndiyo maana vile vifaa vidogo vinavyouzwa kwa jina la kuendesha mlango wa gereji kwa simu, hapa kwetu vinaishia kwenye mota ya geti. Hakuna ubaya. Bodi ya mota, yaani sakiti inayoiongoza, haijui amri imetoka kwenye rimoti, swichi ya ukutani au simu.

Malalamiko yanafanana kuanzia Kigamboni hadi Madale. Simu inasema kifaa hakipo hewani. Geti linafunguka lenyewe usiku. Linafunga nusu, linarudi. Mwenye nyumba huanza kwa kukilaumu kifaa cha simu kwa kuwa ndicho kigeni pale getini, wakati ugonjwa umekaa kwenye reli, betri au ruta. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, pima kwa mpangilio huu, na usiruke hatua:

1. Zima umeme wa mota, ifungue kwa ufunguo wake ili geti liwe huru, kisha lisukume kwa mkono toka mwanzo hadi mwisho. Mtu mzima mmoja aweze kulisukuma bila kukunja uso. Linapogoma, hapo ndipo penye tatizo, na hakuna programu ya simu itakayolitibu.
2. Funga mota tena, rudisha umeme, tumia swichi ya ukutani kama ipo.
3. Tumia rimoti.
4. Tumia simu ukiwa nyumbani, kwenye waifai ya nyumba.
5. Tumia simu ukiwa nje, kwa bando lako.

Hatua itakayotangulia kushindwa ndiyo inayokwambia pa kutafuta. Ikigoma ya kwanza, tatizo ni la chuma. Ya pili, ni mota au bodi yake. Ya tatu, ni rimoti. Ikigoma ya nne au ya tano peke yake, hapo ndipo una haki ya kukishuku kifaa cha simu au mtandao.

Kabla hujafunga: je, kifaa ulichonunua kinafaa?

Hapa ndipo bodi nyingi zinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Swichi za waifai ziko za aina mbili, na kwa macho zinafanana sana. Aina ya kwanza inapokea umeme wa 230V na kuutoa huo huo upande wa pili, kwa ajili ya taa au feni. Aina ya pili ina relei isiyotoa umeme wowote: kazi yake ni kugusanisha nyaya mbili basi, kama kitufe cha kengele. Geti linataka aina ya pili. Vituo vya START na COM kwenye bodi ya mota, yaani vile viwili vya kufungia nyaya za amri, ni vya umeme mdogo, na ukivipelekea 230V kutoka swichi ya taa, bodi inakufa papo hapo, na aliyekuwa ameshika waya yuko hatarini.

Namna ya kutambua: washa kifaa kikiwa mezani, hakijaunganishwa na geti, kisha weka mita ya kupimia volti kwenye vituo vyake vya kutolea. Kikionyesha 230V wakati relei imewashwa, kirudishe dukani. Kinachofaa hakionyeshi volti yoyote, na ukiweka mita kwenye mlio wa mwendelezo, inalia relei inapogusana.

Mambo mengine ya kuangalia kabla ya kulipa. Kifaa kiwe na hali ya mguso wa muda mfupi, nusu sekunde hadi sekunde moja. Kwenye baadhi ya programu hali hiyo inaandikwa Inching. Kiwe na mpangilio wa kubaki kimezima umeme unaporudi baada ya kukatika. Kiwe na sensa ya kuonyesha kama geti liko wazi au limefungwa. Na kiweze kupokea amri ndani ya waifai ya nyumba hata intaneti ikiwa haipo.

Hilo la mwisho watu hulidharau. Vifaa vingi hupitisha kila amri kwenye seva ya kampuni iliyo nje ya nchi: umesimama hatua tano kutoka getini, lakini amri yako inavuka bahari na kurudi. Kampuni ikifunga seva au ikibadili masharti, kifaa kinabaki pambo. Mwishoni mwa 2023, kampuni ya Chamberlain ya Marekani ilizuia programu za watu wengine kuwasiliana na huduma yake ya myQ, na wateja waliokuwa wameunganisha milango yao na mifumo mingine ya nyumbani wakakatika. Mapema mwaka huo huo ilitangazwa kwamba vifaa vya gereji vya Nexx vilikuwa vikitumia nenosiri moja la pamoja kuwasiliana na seva, hivyo mtu wa mbali angeweza kufungua milango ya wengine. Geti si taa ya sebuleni. Chagua kampuni inayotoa masasisho, na weka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti.

Kama mota yako ilikuja kwenye kontena kutoka Marekani, soma lebo kwanza. Za kule ni za 120V na 60Hz. Sisi tuna 230V na 50Hz. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua. Tena, mota za Chamberlain na LiftMaster zenye kitufe cha njano cha kujifunzia rimoti, zilizoanza kutoka 2011, hutumia mawasiliano ya siri hata kwenye swichi ya ukutani, hivyo kugusanisha nyaya mbili hakutoshi. Zinahitaji kifaa cha ziada kilichotengenezwa kwa ajili yake.

Kiwanja chako hakina intaneti? Kuna vidhibiti vya laini ya simu. Unapiga namba, kifaa kinatambua namba yako, kinakata, geti linafunguka, na kwa kuwa simu haikupokelewa hulipi kitu. Sajili laini kwa jina lako, iwekee salio mara moja moja isije ikafungwa kwa kutotumika, na ruhusu namba unazozijua tu.

Dalili: programu inasema kifaa hakipo hewani

Sababu namba moja hapa mjini ni ruta kukosa umeme. Mota nyingi za geti zina betri ndani, kwa hiyo umeme ukikatika au LUKU ikiisha, rimoti inaendelea kufungua kama kawaida. Ruta imezima. Mwenye nyumba anaona geti linafanya kazi, simu imegoma, anahitimisha kifaa kimekufa. Dawa ni betri ndogo ya ruta. Soma lebo ya adapta ya ruta kwanza, kwa sababu nyingine ni 12V na nyingine 9V, na kuchanganya ni kuiharibu.

Inayofuata ni bando, ama la ruta ama la simu yako. Jaribu kufungua ukurasa wowote kwenye simu kabla ya kwenda getini.

Kisha ruta mpya au nenosiri jipya. Watoto wakibadilisha nenosiri la waifai, kifaa cha geti hakiambiwi. Kiunganishe upya.

Kisha masafa. Karibu vifaa vyote hivi hutumia 2.4 GHz peke yake, wakati ruta za kisasa huunganisha 2.4 na 5 GHz chini ya jina moja. Wakati wa kuunganisha kifaa, ingia kwenye mipangilio ya ruta, tenganisha majina, na uhakikishe simu yako nayo iko kwenye ile ya 2.4.

Cha mwisho ni umbali, na hapa pana kazi. Ruta iko chumbani, katikati kuna kuta mbili za tofali, kifaa kimefungiwa kwenye kasha la chuma nyuma ya geti la chuma. Programu nyingi huonyesha nguvu ya mawimbi: -60 dBm ni nzuri, -70 inavumilika, -80 utasumbuka kila siku. Wengi hukimbilia kununua kiongeza mawimbi. Ninachopendelea mimi ni kuhamishia kifaa ndani ya nyumba. Kumbuka kifaa kinagusanisha nyaya mbili tu. Nyaya hizo zinaweza kutembea kutoka bodi ya mota hadi ndani, na kifaa kikakaa karibu na ruta, mbali na mvua ya masika, chumvi ya bahari na mijusi. Tumia kebo yenye kinga ya foili, ipitishe kwenye bomba lake, isilale pamoja na kebo ya 230V.

Dalili: simu inasema amri imefika, geti halijasogea

Sogeza sikio karibu na kifaa, mtu mwingine abonyeze simu. Husikii mlio mdogo wa relei? Tatizo liko kwenye kifaa au adapta yake. Unausikia? Kifaa kimefanya kazi yake, endelea upande wa mota.

Kwanza angalia kama mota imeachwa wazi kwa ufunguo. Hii hutokea sana baada ya umeme kukatika: mlinzi alilisukuma geti kwa mkono, akasahau kurudisha. Mota itazunguka, geti litatulia.

Pili, sensa za mwale, zile mbili zinazotazamana pande mbili za geti. Kwenye baadhi ya mota, mwale ukikatika geti halipokei amri ya kufunga. Pitisha kitambaa kikavu kwenye vioo vyake. Barabara zetu za vumbi za Goba na Kinyerezi zinaweza kuvifunika ndani ya wiki.

Tatu, betri. Pima kwa mita. Betri ya 12V iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7V. Ikisoma chini ya 12V imekwisha, na ikisoma vizuri ikiwa imetulia lakini ikaporomoka chini ya 11V mota inapoanza kuvuta, imezeeka, ibadilishe. Joto la huku halizipendi betri hizi.

Nne, nyaya. Zima umeme, chomoa na betri, hakikisha nyaya za kifaa ziko START na COM na skurubu zimekaza. Rudisha umeme, kisha pima kati ya vituo hivyo viwili. Ukiona volti ndogo, yaani 24 au chini ya hapo, gusanisha START na COM kwa kipande cha waya chenye ganda, kwa sekunde moja, ukiwa mbali na njia ya geti. Geti likiondoka, bodi ni nzima na tatizo ni kifaa au mpangilio wake wa mguso. Lisipoondoka, tatizo ni la bodi. Ukiona volti kubwa kuliko hiyo, usiguse, zima na umwite fundi.

Kwa mota za 230V zisizo na betri kuna dalili yake ya pekee: mota inavuma, geti halitoki, ukilisukuma kidogo linaondoka. Mara nyingi hiyo ni kapasita iliyochoka, kile kikopo kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuzima swichi kuu, kwa hiyo kuibadilisha ni kazi ya fundi, hata kama kipuri ni cha bei ndogo.

Dalili: geti linafunguka lenyewe

Hii usiilalie. Kwanza tenga: zima umeme, chomoa nyaya mbili za kifaa cha simu kwenye START na COM, rudisha umeme, liangalie kwa siku mbili. Likiendelea kufunguka, kifaa hakina hatia. Likitulia, kifaa ndicho.

Kikiwa kifaa, anza na hali yake umeme unaporudi. Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa vimepangwa kukumbuka hali ya mwisho au kuwaka. Umeme ukikatika saa nane usiku na kurudi saa tisa, relei inagusa, geti linafunguka, nyumba nzima imelala. Badilisha mpangilio uwe wa kuzima daima, kisha ujaribu kwa kuzima na kuwasha sakiti breka ya kifaa huku ukilitazama geti.

Kinachofuata ni ratiba na saa. Kifaa kilichoachwa kwenye saa za China kiko mbele yetu kwa saa 5. Ukikiambia kifunge geti saa 3 usiku, kitafunga saa 10 jioni, wakati watoto wanarudi kutoka shule. Ukikiambia kifungue asubuhi saa 12, kitafungua saa 7 usiku. Angalia mji au ukanda wa saa kwenye mipangilio ya programu, na kwa geti, kwa maoni yangu, ratiba ya kufungua isiwepo kabisa. Vivyo hivyo kufungua kwa kutambua mahali simu ilipo: ukipita barabara ya nyuma kwenda dukani, geti linakupokea bila kuitwa.

Kisha watu. Fungua orodha ya walioshirikishwa kwenye akaunti. Utakuta dereva aliyeacha kazi mwaka jana bado yumo, pengine na fundi aliyekufungia kifaa kwa kutumia barua pepe yake mwenyewe. Huyo wa pili ni hatari kuliko wa kwanza, kwa sababu mmiliki wa akaunti ni yeye. Futa kifaa, kisajili upya kwa jina lako.

Kama kifaa hakina hatia, tazama rimoti. Iliyokaliwa kwenye kiti cha gari huwa na kitufe kilichokwama. Rimoti za bei nafuu za 433 MHz hutuma namba ile ile kila mara, na namba hiyo hunakiliwa kwa dakika chache na kifaa cha mtaani. Ikiwa ulimpa mtu rimoti akutengenezee nyingine, jua kwamba anaweza kuwa na ya tatu. Nunua kipokezi na rimoti za namba inayobadilika kila mbonyezo, ufute za zamani zote kwenye kumbukumbu ya bodi.

Halafu kuna wadudu na mijusi, jambo ambalo maelekezo ya kiwandani hayaligusi. Kasha la mota lina joto na giza, na matundu ya kebo hayakuzibwa. Kwenye nyumba moja ya Mbezi Beach, geti lilikuwa likifunguka usiku tu. Kifuniko kilipotolewa, mjusi mkavu alikuwa amelala juu ya safu ya vituo, mkia juu ya COM, tumbo juu ya START, na pembeni mayai mawili meupe yamegandishwa ukutani mwa kasha. Usiku wa unyevu, ngozi ile ilitosha kupitisha umeme mdogo. Sisimizi nao hujenga ndani ya relei na kukwamisha mguso. Zima umeme na betri, safisha kwa brashi laini kavu, ziba matundu ya kebo kwa silikoni, na tundu la chini la kutolea maji usilizibe, liwekee wavu mwembamba. Ukiona kutu ya kijani kwenye vituo, na pwani ya Msasani hadi Kunduchi utaiona, bodi inahitaji fundi wa kuisafisha kabla njia zake za umeme hazijakatika.

Dalili: linaanza kufunga, linasimama na kurudi nyuma

Geti linakwambia limekutana na kitu. Liamini.

Mchanga na kokoto kwenye reli ndio chanzo kikubwa, hasa baada ya mvua kubwa kuteremsha udongo. Fagia reli yote, hata ile sehemu inayojificha nyuma ya ukuta. Kisha sensa za mwale: majani yaliyokua, utando wa buibui, sensa iliyogongwa na bodaboda ikageuka pembeni. Tatizo likija jioni tu, kuanzia saa kumi hivi, na sensa ya kupokea inatazama magharibi, jua linaingia moja kwa moja kwenye kioo chake. Badilishana nafasi, kipokezi kiende upande wa pili, au kiwekee kifuniko cha kivuli. Baada ya hapo angalia magurudumu. Likisagika upande mmoja, geti linalalia reli na mota inadhani imezuiwa.

Mwisho kabisa ndipo unapofikiria kuongeza nguvu ya mota kwenye mipangilio. Wengi huanza na hapo, na ni makosa makubwa. Nguvu ile imewekewa kikomo ili geti likigusa mtoto lirudi.

Kuna jambo baya zaidi linalofanyika mjini hapa: sensa zikisumbua, mtu anapiga jampa, yaani anaunganisha vituo vya sensa kwa waya ili bodi idhani njia iko wazi siku zote. Geti linafunga, mteja anafurahi, fundi analipwa. Kwenye geti la simu hilo ni jambo la kutisha, kwa sababu anayebonyeza yuko Posta au Mwanza, haoni kama kuna mtoto anaokota mpira kwenye reli. Kanuni za Marekani zinataka vifungulio vya milango ya gereji viwe na kinga ya aina hii tangu 1993, na kiwango cha UL 325 kinataka mlango unaofungwa na mtu asiyeuona utoe mlio na mwanga kwa angalau sekunde 5 kabla haujaanza kusogea. Hata kama kifaa chako hakina mlio huo, weka taa ya kumweta na king'ora kidogo. Bodi nyingi zina kituo cha taa. Fungua kasha lako leo, umeme ukiwa umezimwa, utafute kipande kifupi cha waya kwenye vituo vya sensa. Ukikikuta, acha kufunga geti kwa simu hadi sensa zirudishwe.

Kamera inayotazama geti inasaidia, lakini picha ya mtandao huchelewa sekunde kadhaa. Haichukui nafasi ya sensa.

Dalili: simu inaonyesha geti limefungwa, kumbe liko wazi

Kwa kawaida sumaku ya sensa imesogea au betri yake ndogo imekwisha. Sensa za sumaku hutaka umbali wa sentimita chache, na geti la chuma huidhoofisha sumaku iliyobandikwa juu yake. Weka kipande cha plastiki katikati. Usinunue sensa za kuinama, zimetengenezwa kwa milango ya gereji inayopanda juu. Kwenye geti la kuteleza hazioni kitu. Baada ya kurekebisha, jaribu mara kadhaa wazi na limefungwa kabla hujaiamini ukiwa safarini.

Dalili: rimoti za zamani zimepoteza nguvu tangu kifaa kifungwe

Adapta duni hutoa kelele ya redio inayomeza mawimbi ya 433 MHz. Chomoa adapta, jaribu rimoti. Ikirudi kufanya kazi kutoka mbali, badilisha adapta au isogeze mbali na antena ya bodi. Pengine uzi wa antena ulikunjwa au kukatwa wakati wa kufunga; unatakiwa uning'inie wazi, kama sentimita 17, bila kugusa chuma. Rimoti zikiwa zimekufa kabisa, huenda relei ya kifaa imeganda ikiwa imegusa, na bodi inadhani kuna mtu ameshikilia kitufe muda wote.

Mashata ya maduka na gereji

Shata la kukunja lenye mota ya bomba ni habari nyingine. Mota hiyo ina waya wa kupanda na waya wa kushuka, yote ya 230V, na ikipata vyote kwa pamoja inaungua. Usitumie relei mbili za kawaida. Inatakiwa iwe kidhibiti cha shata chenye kizuizi cha ndani kinachokataa amri mbili kwa wakati mmoja, na kifungwe na fundi umeme.

Simama hapo, mwite fundi

Acha kila kitu na uzime sakiti breka ya geti ukiona mojawapo ya haya:

- Ukigusa geti unahisi umeme, hata kidogo. Hasa mvua ikinyesha, hilo linaua. Waambie wote wa nyumbani wasiliguse, mlinzi akiwa wa kwanza kuambiwa.
- Harufu ya kuungua, bodi yenye doa jeusi, au betri iliyovimba.
- Sakiti breka inakatika kila ukiiwasha. Usiweke kubwa zaidi.
- Maji yameingia kwenye kasha la mota.
- Geti limetoka kwenye reli, limeinama, au halina vizuizi vya chuma vilivyochomelewa kwenye ncha zote mbili za safari yake. Geti lisilo na kizuizi linaweza kupita mwisho wa reli na kumwangukia mtu, na uzito wake haumwachi.
- Una mlango wa gereji wa kupanda wenye springi juu, na springi au waya wake umekatika. Springi ile imekazwa kwa nguvu inayovunja mfupa. Asiiguse mtu asiye na vifaa vyake.

Kwa kazi yoyote ya 230V tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na umwombe akuonyeshe. Mwambie apime ethi ya geti, yaani waya wake wa ardhini, si kuitazama tu, na afunge breka inayokata umeme unapovuja ardhini kama haipo.

Kabla hajafika, mtumie aina na namba ya mota iliyo kwenye lebo, picha ya kifaa cha simu upande ulioandikwa volti, na matokeo ya zile hatua tano za mwanzo. Mwambie pia tatizo linatokea saa ngapi, na kama lilianza baada ya mvua, baada ya umeme kukatika au baada ya mtu kufungua kasha. Na ufunguo wa kufungulia mota usikae kwenye gari lililofungiwa ndani. Uwe mahali ambapo mlinzi na aliyebaki nyumbani wanaufikia gizani.